Nguvu ya soda iliniishia Februari

Mwaka juzi niliuanza Januari na daftari jipya na malengo mawili. La kwanza lilikuwa presha. Zahanati walinipima wakakuta 152 kwa 96, daktari akaniambia nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, kisha nirudi. La pili lilikuwa kodi. Hapa Dar es Salaam wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Mimi nimepanga kwa 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila nusu mwaka ninatafuta 900,000. Mara tatu mfululizo nilikopa, na aliyewahi kukopa ili asitolewe vyombo nje anajua usingizi wa siku hizo ulivyo.

Nikapiga hesabu: 5,000 kila siku kwa siku 180 ni 900,000 kamili. Nikanunua raba, nikaapa kukimbia kila siku saa kumi na moja alfajiri. Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya mtu asiyeugua, asiyefiwa, asiye na mtoto wa kuandaa shule. Wiki ya pili ya Februari nilikuwa nimeshang'oa msumari wa kibubu, na raba ziko uvunguni.

Nilijiita mvivu kwa muda mrefu, na naomba wewe usijiite hivyo. Malengo yote mawili niliyategemeza kwenye hamu, na hamu ina siku zake.

Kilichoniokoa ni bodaboda. Kutoka kwangu hadi kituoni ni kama kilomita moja na nusu, na nilikuwa nalipa 1,000 asubuhi, 1,000 jioni. Siku moja nilitoka sina chenji, nikatembea. Dakika 20 tu. Nikiwa kwenye daladala nikatoa simu nikahesabu: kwenda na kurudi dakika 40, mara siku tano za kazi, dakika 200 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau 150 za mazoezi ya wastani. Jioni nikarudi kwa miguu vilevile, na ile 2,000 bado ilikuwa mfukoni.

Tangu siku hiyo mwili na hela kwangu ni jambo moja. Nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, 2,000 inaingia kwenye kibubu. Naitaka iwe noti mkononi, kwa sababu ikibaki kwenye simu itaondoka na luku au na ndugu wa kwanza atakayepiga. Kwa siku 22 za kazi napata 44,000, na kwa miezi sita 264,000. Haifiki 900,000, najua. Iliyobaki ni 106,000 kwa mwezi, na hiyo namtumia dada yangu Morogoro saa ileile mshahara unapoingia. Tulikubaliana hanirudishii hata nikilia, mpaka wiki ya kodi. Alishanikatalia mara mbili, na mara zote mbili nilimshukuru baadaye.

Kama ndiyo unaanza, usianze na daftari. Tafuta kitu unacholipia ambacho mikono au miguu yako inakiweza. Kwako huenda si bodaboda. Labda ni kufuliwa nguo, na aliyefua shuka kwa mkono anajua kwamba hayo ni mazoezi. Chagua kimoja tu, kiwe kidogo kiasi cha kukiweza hata siku umeamka vibaya.

Siku ya kuruka itakuja. Mimi najiruhusu moja, ya pili naenda hata kama ni nusu ya njia. Jumamosi nipo na wenzangu wa jogging mtaani. Nisipoonekana wananipigia, na nilipougua walikuja nyumbani na mchango. Kwa dada zangu: asubuhi bado ina giza, tembea na jirani.

Juni iliyopita nililipa kodi siku yake, bila deni. Presha ilisoma 134 kwa 84. Daktari bado ananitaka kila miezi mitatu, nami naenda.

Kinachonisumbua sasa ni masika. Kuanzia Machi njia yetu inakuwa tope hadi kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo mwaka huu nimenunua mabuti ya mvua mapema. Viatu vya ofisini navibeba kwenye mfuko, navaa nikifika kituoni.