Kabla hujauliza ununue sarafu gani

Juzi msomaji mmoja wa Tunduma kaniandikia: "Kaka, nina laki tano, ninunue sarafu gani ya kidijitali?" Wenye swali hilo ni wengi, vijana wenzangu wenye kiu ya maendeleo, kwa hiyo namjibu hapa hadharani. Tangu Novemba 2019 Benki Kuu ilishatangaza msimamo wake dhidi ya sarafu hizo. Fursa ya blokucheni, ile teknolojia ya kutunza kumbukumbu inayoendesha sarafu hizo, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini iko kwenye kahawa, parachichi na mchele.

Mimi ni karani wa kikundi cha wakulima wa kahawa Mbozi. Nilipoanza kuzunguka na simu kuchukua alama za mipaka ya mashamba, mzee mmoja alisimama mkutanoni: "Huyu anatupimia ardhi akatuuze kwa wazungu." Watu wakacheka. Maneno yale yananichoma mpaka leo, lakini sikuacha. Kila debe la kahawa mbivu lililopanda mizani niliingiza jina, shamba na kilo, na mkulima akapata ujumbe kwenye simu yake kabla debe halijamiminwa. Kilo zikipungua anaziona palepale, anabisha palepale. Hapo ndipo wazee walipolainika.

Msimu huu mnunuzi akaja na masharti ya Ulaya. Sheria yao ya 2023 inataka ijulikane kahawa imetoka shamba lipi, na kwamba hapakukatwa msitu baada ya Desemba 2020. Vikundi jirani vikaanza kukimbizana. Sisi kumbukumbu zetu zikaingia moja kwa moja kwenye mfumo wake wa blokucheni, na mzigo wetu ukatoka wa kwanza. Yule mzee alisaini kabla ya wote!

Siri ya blokucheni ni hii: kumbukumbu moja inashikwa na wengi, yaani chama, mkoboaji, msafirishaji na mnunuzi, na kila ingizo jipya limefungwa na lililotangulia. Ukichezea kilo za Juni, za Julai zinakuumbua. Walmart, wenye maduka makubwa ya Marekani, na kampuni ya kompyuta ya IBM walipoijaribu kwa maembe, kutafuta shamba yalikotoka kulishuka kutoka karibu siku 7 hadi sekunde 2.2. Dawa, bima, hati za ardhi, kote huko inafaa.

Ila mfumo hauoni mizani. Ukiingiza uongo, utautunza uongo milele. Na watu wasipokubaliana haufiki popote: kampuni ya meli ya Maersk na IBM walitangaza mwaka 2022 kuufunga TradeLens, mfumo wao wa usafirishaji wa makontena, kwa kukosa ushirikiano wa sekta nzima. Vijana, tujenge uaminifu kwanza! Tuache kukesha tukitazama grafu za bei.

Hiyo laki tano, mdogo wangu, tafuta simu yenye GPS nzuri na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Nenda kwa katibu wa AMCOS yako, yaani chama cha ushirika cha mazao, omba kuanza na kitongoji kimoja. Mavuno yakianza, uwe umeshamaliza kuzunguka mashamba yake yote.