Muulize Nahodha: Mtungi siku ya mwisho?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi na mume wangu tunakwenda fungate Mafia mwezi wa Desemba, siku tano. Tumepangiwa papa potwe siku ya kwanza, halafu matembezi ya jahazi, na asubuhi ya siku ya mwisho tuzame kwa mtungi wa hewa. Mchana tunapanda ndege ya Dar, jioni ya Mwanza. Kuogelea najua kidogo tu, tena ziwani, na hao papa wananitisha. Ratiba iko sawa?
Bi Harusi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Ratiba hiyo ipindueni leo hii. Aliyeipanga kawaza nafasi za boti, damu yenu hakuiwaza. Ukifika mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta huyeyuka mwilini. Ukishaibuka hutoka kwa pumzi, lakini polepole. Ndani ya ndege kubwa hewa ni nyepesi kama ya mlimani, na naitrojeni iliyobaki mwilini yaweza kugeuka mapovu kwenye viungo na mishipa. Mkizama mara moja tu, subirini muda wa saa 12 kwa uchache kabla ya kupanda ndege, mkizidisha, 18. Mimi wageni wangu nawawekea siku nzima, wakinuna wanune.

Basi mtungi uwe siku ya pili au ya tatu. Kwanza zoeeni miwani na mrija ndani ya Ghuba ya Chole. Chumvi itakubeba kuliko maji ya ziwa, ila jaketi la kuelea liombe tu, hakuna haya. Mwalimu akikushusha mara ya kwanza asikupitishe mita 12. Ziba pua upulize taratibu kabla masikio hayajauma, na pumzi usiibane hata kidogo wakati wa kupanda. Ukiwa na mafua, baki juu. Mapezi yako yasiguse matumbawe. Yale ni viumbe hai, teke moja linavunja kilichokua miaka.

Tazameni na mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu, unamkokota mtu mzima. Mgeni azame maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Muulize nahodha wenu maji yanajaa saa ngapi, maana yakijaa huingiza maji maangavu ya bahari kuu. Akichomoa simu kwanza ili akujibu, mimi ningetafuta mwingine.

Papa potwe hana haja na nyama yako, anachuja vijidudu. Cha kuchunga ni mkia wake: kaa mita tatu au nne, usimguse. Yeye huonwa kwa miwani na mrija tu, kwa hiyo mhamishieni asubuhi ya siku ya mwisho. Anapatikana upande wa Kilindoni, na uwanja wa ndege uko hukohuko. Nguo kavu ziwekeni juu kabisa ya begi.