Weka mabano kabla hujapachika

Dogo, futa mstari wako wa tatu sasa hivi. Kwenye swali lako la milinganyo miwili yenye x na y, unauliza uanze na x au y, na kama njia ya kuondoa (kujumlisha au kutoa milinganyo ili herufi moja ipotee) ni nyepesi zaidi, lakini tatizo lako liko kwingine kabisa. Umechukua y = 2x − 5, ukaipachika, yaani ukaiweka mahali pa y, kwenye 7x − 3y = 17, ukaandika 7x − 6x − 15 = 17. Kosa hilohilo liliniangusha kidato cha nne, kwenye swali nililoliamini kuliko yote.

Hapo y ni furushi lenye vitu viwili, na ile hasi 3 inazidisha vyote. Hasi 3 mara 2x ni hasi 6x. Hasi 3 mara hasi 5 ni CHANYA 15. Andika hivi:

7x − 3(2x − 5) = 17
7x − 6x + 15 = 17
x = 2

Halafu y = 2(2) − 5 = −1.

Wewe umepata x = 32 na y = 59, na unasema umehakiki ikakubali. Umehakikia wapi? Kwenye y = 2x − 5! Lazima ikubali, maana y umeitoa humohumo. Hata ungeweka x = 1,000 ingekubali. Mimi nilihakiki hivyo kwenye chumba cha mtihani, nikaona pande zinalingana, nikakusanya karatasi dakika 20 kabla ya muda. Peleka majibu yako kwenye ule mlinganyo mwingine: 7 × 32 ni 224, toa 3 × 59 ambayo ni 177, inabaki 47. Ilitakiwa 17.

Mwalimu wetu wa tuisheni ndiye aliyetuambia mabano ni ya wanaoanza, kwamba mwenye akili anazidisha kichwani. Tulikuwa tunamlipa kila wiki! Alikuwa anakimbizana na mada ziishe, sisi tukabaki na hasi zilizogeuka. Nilirudia mtihani, mwaka mzima ukaenda, na bado nina hasira naye.

Sasa fungua swali lako la pili, x = 4 − 3y ndani ya 2y − 5x = 14. Nalo naona hujaweka mabano. Ukiyaweka utafika 17y = 34. Usipofika hapo, rudi utazame ile hasi 5 imezidisha nini.