Nitakuaje kiroho na simu tu?

Swali: Shangazi, nauza samaki hapa Malindi, nimeokoka mwaka jana ila Jumapili niko sokoni, mahubiri nasikiliza kwa simu. Majirani wengi ni Waislamu, naogopa hata kumtaja Yesu. Nitakua kweli?

Jibu: Mwanangu, utakua, lakini si peke yako. Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika, na simu haiwezi kuona macho yako yamevimba kwa kulia. Tafuta ibada ya nyumbani ya katikati ya wiki, watu saba nane kwenye mkeka, chai ya tangawizi, mama mmoja anakushika mkono anakuombea kwa jina lako, mimi hapo ndo nilipokulia kiroho jamani. Kwa majirani usianze mabishano, 1 Petro 3:15 inataka tujibu kwa upole, we jirani mpimie samaki wake sawasawa, mtoto akiugua nenda kamuone, siku akikuuliza mwambie tu Yesu alivyokuokoa.