Maswali ya Wasomaji: Goti lenye vyuma mbele ya bembea kubwa

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni baba wa watoto watatu, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi. Miezi minane iliyopita niligongwa na pikipiki, mfupa wa muundi ukavunjika karibu na goti. Daktari alinitia sahani ya chuma na skrubu. Leo ninatembea kwa gongo moja, na goti halijakunjika sawasawa. Katika likizo kubwa tutakwenda Johannesburg kwa ndugu yangu, na watoto wamekwisha kuona picha za Gold Reef City, bustani ya michezo ya huko. Kila jioni wananiuliza kama nitapanda bembea pamoja nao. Mama yao anasema nikae chini niwashikie mikoba. Je, hatari ni ya kweli, au ni woga tu?

JIBU: Baba, pole sana kwa ajali hiyo, na hongera kwa kusimama tena. Hatari ni ya kweli kwa mashine fulani, na kwa nyingine haipo kabisa. Kwa hiyo usiamue juu ya bustani nzima kwa neno moja. Gold Reef City ilifunguliwa mwaka 1987 juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na ndani yake kuna bembea za watoto wadogo na kuna mashine kali mno. Kila utakapofika mbele ya mashine moja, jiulize utaingiaje, nini kitakachokushika, mwili wako utabebeshwa uzito gani, na utatokaje iwapo itasimama katikati.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio watu wengi hawaufikirii. Rola kosta, yaani gari la reli linalopanda polepole na kushuka kwa kasi, humkandamiza abiria pale chini ya mteremko kana kwamba uzito wake umeongezeka ghafla. Katika mashine nyingi za aina hiyo ongezeko hufikia mara tatu au nne, kwa hiyo mtu wa kilo 80 huhisi kwa nukta chache kuwa na kilo 240 hadi 320. Hapo Gold Reef City ipo mashine iitwayo Tower of Terror, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo humdondosha abiria wima mpaka ndani ya shimo, na inajulikana duniani kwa kufikisha mara 6.3. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni zaidi ya kilo 500. Mzigo huo huangukia uti wa mgongo, shingo na kila kiungo ambacho hakijapona. Kwa hiyo kwa mashine hiyo jibu langu ni hapana, wala sitakuomba hata umwulize daktari.

Kwa zile za wastani, mwulize. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima huchukua kwa kawaida miezi minne hadi sita kuunga, na mara nyingi zaidi pale ambapo vipande vilikuwa vingi au kidonda kilikuwa wazi. Miezi minane ni muda mzuri, lakini kalenda haiungi mfupa. Kabla ya safari piga picha ya eksirei, umwombe daktari aliyekupasua akuambie wazi kama mfupa umeshikana wenyewe au bado unategemea sahani. Mwambie pia dawa zote unazokunywa. Ikiwa bado unatumia dawa ya kuzuia damu isigande, mtikisiko wa kichwa ambao mwingine angeusahau kabla ya jioni unaweza kukuletea kuvuja damu kwa ndani, na hapo mashine zote za kasi ziachwe.

Sasa goti lenyewe. Magari mengi ya rola kosta yana nafasi finyu ya miguu, na mtu asiyeweza kukunja goti hujikuta amelipindisha ili mlango ufungwe au chuma cha kumshika abiria kishuke. Jaribio lake unaweza kulifanya hapa hapa nyumbani: ingia kiti cha nyuma cha taksi ndogo iliyojaa watu, ukae kwa safari ya Katuba hadi mjini. Kama kila shimo la barabara linakufanya ushike goti kwa mikono miwili, basi mwili umekwisha kukujibu. Huenda mtu akakushauri upande Anaconda, rola kosta nyingine ya hapo hapo, kwa kuwa hiyo huning'inia chini ya reli na miguu ya abiria hubaki huru hewani. Nafasi ipo, ni kweli, lakini muundi wenye sahani usio na pa kuegemea hurushwa huku na huku katika kila mpindo, na hakuna mkono wako utakaoufikia. Mimi ningeiacha kwa mwaka huu.

Juu ya kile kinachokushika, naomba unisikilize kwa makini, na wasomaji wenye mguu wa bandia pia. Mashine nyingine hufunga mabega, nyingine hutumia chuma kimoja tu kinacholala juu ya mapaja. Mwaka 2011, katika jimbo la New York nchini Marekani, askari wa zamani aliyepoteza miguu yote miwili vitani aliruhusiwa kupanda rola kosta yenye chuma cha mapajani. Alirushwa nje akafa. Chuma kile kilitengenezwa kwa mwili wenye mapaja ya kukizuia. Kwa hiyo mhudumu akikuambia kwamba mguu wako haufai kwa mashine yake, usione amekudharau, na usimbembeleze. Wewe mwenye miguu miwili hauko katika hatari ya namna ile, lakini mguu usiokunjika unaweza kukuinua kidogo kitini hata chuma kisikae mahali pake, na hilo ulitazame kabla gari halijaondoka. Kwa mwenye mguu wa bandia, kanuni hutofautiana: kuna mashine ambazo huagiza uvuliwe usije ukachomoka, na nyingine huagiza ubaki. Ni lazima kuuliza kwa kila moja.

Mashine ikisimama juu, abiria hushushwa kwa ngazi za chuma nyembamba. Je, unaweza kushuka ngazi 50 bila gongo, ukishika ukuta tu? Kama huwezi, baki kwenye zile zinazokaa karibu na ardhi. Na kwa kuwa foleni ya kusimama saa nzima huumiza goti kuliko bembea yenyewe, ulizia mlangoni kama wana kiti cha magurudumu cha kuazima, nawe ukubali bila haya. Barua ya daktari wako itaandikwa kwa Kifaransa, nao wahudumu wa Johannesburg husoma Kiingereza. Itafsirishe kabla hujaondoka Lubumbashi.

Sikubaliani na habari ya mikoba. Mara nyingi sana katika jamaa zetu mtu akiumia hupewa kazi ya kulinda vitu huku wenzake wakifurahi, na baada ya muda huzoea hata kujitenga mwenyewe. Watoto wako wameuliza kama utapanda pamoja nao, hawakutaja mashine kali kuliko zote. Gurudumu kubwa linalozunguka taratibu, ambalo mtu hukaa amenyoosha mguu huku akiutazama mji wote, linakutosha kabisa. Mwombe mhudumu alisimamishe wakati wa kuingia, na utangulize mguu mzima.

SWALI: Ndugu mhariri, binti yangu ana miaka 11. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu yake haina nguvu wala hisia, naye anatumia kiti cha magurudumu. Wenzake wakibembea shuleni huwatazama bila kusema neno. Je, kuna mahali ambapo mtoto kama huyu anaweza kubembea? Mama wa Kamalondo.

JIBU: Mama, mahali papo. Baba mmoja wa mji wa San Antonio, Texas, nchini Marekani, aitwaye Gordon Hartman, alimwona binti yake Morgan, mwenye ulemavu, akitaka kucheza bwawani na watoto wengine nao wakaondoka. Mwaka 2010 akafungua mjini kwake bustani ya Morgan's Wonderland, ambamo kiti cha magurudumu hupanda chenyewe juu ya bembea na juu ya jukwaa la farasi wanaozunguka. Mwaka 2017 ikaongezwa bustani ya maji, yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa kuwa betri na maji havipatani. Wenye ulemavu huingia bila kulipa.

Texas ni mbali, najua. Lakini nchi yetu iliridhia mwaka 2015 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 30 kinataja wazi haki ya mtoto kushiriki michezo, hata ile ya shuleni. Tunayo pia sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Mwendee mkuu wa shule kwa upole ukiwa na karatasi hizo mkononi.

Bembea yenyewe fundi seremala wa mtaani anaiweza. Kiti kiwe na egemeo refu la mgongo, mkanda mmoja kiunoni na mwingine kifuani, na ubao wa kuwekea miguu. Ubao huo usiachwe: miguu isiyo na hisia ikiburuzwa chini huchunika, na mtoto hatajua. Kiti kiwe kimo sawa na kile cha magurudumu, kwa kawaida karibu sentimita 50 kutoka ardhini, ili ateleze kutoka kimoja hadi kingine wakati mtu mzima mwingine ameishika bembea isiyumbe. Ining'inizwe juu ya boriti imara, ijaribiwe kwanza kwa mzigo mzito kuliko mtoto. Kama anao mrija wa kuondoa maji kichwani, daktari wake aulizwe kabla ya mchezo wowote wa kasi; bembea ya polepole siku ya kwanza iwe fupi, na jioni mkague ngozi ya matako, mapaja na visigino. Kisha mwulize yeye mwenyewe anataka kusukumwa juu kiasi gani.