Pikapu nimefunga, gitaa kimya

SWALI: Asalaam aleykum fundi, nna gitaa langu kavu napigia huku Wete, nimenunua pikapu (kile kidude cha kunasa sauti ya nyuzi) ya sumaku ile ya kubana kwenye tundu, nimechomeka waya kwa amplifaya, nyuzi zote sita kimya! Nimeuziwa mbovu?

JIBU: Waaleykum salaam mdogo wangu, hebu gusisha kisumaku chochote kwenye uzi, kisiponata basi nyuzi zako za nailoni na pikapu hiyo inataka chuma. Ila usikimbilie kutia za chuma, zinavuta sana, daraja (kile kibao kinachoshikilia nyuzi) litang'oka (langu liling'oka usiku wa Idi, mlio kama bati!). Tafuta pikapu ya pieso, inagandishwa ndani chini ya daraja na inachukua mtikisiko wa ubao wenyewe, ikipiga mluzi jitenge na spika.