Maswali na Majibu: WRX iliyotembea sana, uanzie wapi?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu walionunua Subaru Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bei zake zimeshuka na kilomita zimepanda, na kila mmoja anauliza pesa aliyonayo aielekeze wapi. Nimechagua maswali 5.

Nimenunua WRX ya 2004, gia za mkono, imetembea kilomita 187,000. Nina milioni mbili za kuanzia. Fundi wangu anataka tuanze na ekzosti kubwa. Unasemaje? (Morogoro)

Ekzosti isubiri, kaka. WRX ya Japani ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250, na sidhani kama lako bado linazitoa zote. Kwanza zirudi hizo.

Kabla hujanunua spea yoyote, injini ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, kwenye silinda zote 4. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, mpango wote unabadilika, maana hela itakwenda kwenye injini. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na wengi wanakiruka.

Vipimo vikiwa vizuri, anza na breki. Injini ikizima utasukuma gari pembeni. Breki zikikataa hiyo nafasi huipati. Angalia pedi, diski na mipira ya breki, halafu mwaga mafuta ya breki yote na uweke mapya. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo yakikaa miaka yanachemka mapema. Ukishuka mteremko mkali wa Kitonga na mafuta ya namna hiyo, pedali inaweza kuzama hadi sakafuni.

Kisha mkanda wa taiming. Kama muuzaji hana risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kwa injini hii kiwango ni kama kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Usinunue mkanda peke yake. Nunua seti nzima pamoja na puli zake, tensheni na pampu ya maji, kwa sababu pampu nayo inazungushwa na mkanda huohuo, na gharama ya kufungua ni ile ile. Asubuhi, kabla injini haijapata moto, simama mbele ya gari usikilize. Ukisikia kitu kinagongagonga upande wa mkanda halafu kinanyamaza baada ya muda, tensheni imechoka. Usiende nalo mbali.

Baada ya hapo ni oili. Injini hizi za turbo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, zinakula oili, na nyingi zinazonoki zilikuwa zimeishiwa bila mwenyewe kujua. Chomoa kijiti kila wiki, gari likiwa mahali tambarare. Badilisha kila kilomita 5,000. Mwambie pia fundi aangalie bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo: baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo ndani yake, kikiziba turbo inakosa oili na kufa.

Milioni mbili zikivuka hapo na chenji ikabaki, nunua plagi.

Tairi za mbele zimeisha, za nyuma bado nzuri. Nikibadilisha mbili tu kuna ubaya? (Nakuru)

Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote 4 muda wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, kwa hiyo haizunguki mara sawa na mwenzake. Tofauti hiyo yote inaiangukia difu ya kati, ambayo inachemka hadi inaharibika, hata kama unaendesha taratibu barabara iliyonyooka.

Azima futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, uandike. Tofauti ikizidi milimita 6 hivi kwenye mzunguko, nunua zote 4, za aina moja na saizi moja. Soma pia tarakimu 4 za tarehe ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kuna tairi za mtumba zenye kashata ndefu ya kupendeza ambazo mpira wake umeshakuwa mgumu.

Na ujue kama difu tayari imeumia. Tafuta uwanja mkavu wenye lami, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Gari likikakamaa na kurukaruka kama limeshikwa breki, lipeleke kwa fundi kabla ya kununua tairi.

Nataka kufunga ile valvu ya turbo inayopiga "pshii". Inaongeza nguvu? (Mbezi)

Haiongezi. Kwenye gari lako sensa imeshaihesabu hewa inayoachiwa na valvu hiyo na kompyuta imeshaipimia petroli yake. Valvu ya kiwandani huirudisha ndani. Hiyo unayoitaka huitupa nje, petroli inabaki nyingi kupita hewa, na gari linakohoa kila unapobadilisha gia. Kwa pesa hiyo badilisha mipira ya hewa ya turbo iliyopasuka. Hapo utaona tofauti.

Kwenye foleni sindano ya joto inapanda, nikitembea inashuka. Ni gasketi ya silinda hedi? (Mombasa)

Huenda siyo, dada. Likichemsha foleni tu, angalia kwanza feni zote mbili kama zinazunguka, kisha rejeta kama imeziba. Angalia na hewa iliyobaki kwenye njia za maji: injini hii imelala, na mtu akijaza kulanti (kimiminika cha kupozea injini) haraka hewa inabanwa ndani. Gasketi ina dalili zake. Mapovu hayaishi kwenye tangi la kulanti injini ikinguruma, au mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi. Ukiona hayo, zima na uite gari la kuvuta. Na maji ya bomba usitumie tena. Kutu yake ndiyo inayoziba rejeta.

Breki, mkanda, tairi, vyote nimemaliza. Sasa nishushe gari au niongeze nguvu? (Arusha)

Usishushe. Impreza iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae haikushushwa, na barabara zetu bado ni zilezile. Weka bushi mpya, bolijointi na shokapu nzuri za saizi ya kiwandani, kisha ukapime alaimenti. Gari lililotembea kilomita nyingi likipata bushi mpya linashika kona namna ambayo huenda hujawahi kuionja tangu ulinunue.

Nguvu uziongeze ukishaendesha miezi kadhaa bila oili kupungua ovyo. Hata hapo kumbuka gari hili lilipangiwa petroli bora ya Japani, yenye okteni karibu 100, na ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukipandisha presha ya turbo bila kompyuta kupangwa upya kwa petroli unayojaza, moto unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinapasuka. Tafuta fundi atakayelipanga huku akisoma vipimo vya injini gari likiwa linatembea, na umwambie unajaza petroli gani, kituo gani. Klachi na giaboksi ya gia 5 nazo zina kikomo: hata baada ya kuongeza nguvu, usiondoke kwa kuachia klachi ghafla.